Kwa nini ushauri wa kilimo huwafikia wakulima wadogo bila kuwafaa

Mvua ya masika inapokaribia, mwenye ekari moja kule Butere, Nyando au Njoro hupokea maneno mengi kuhusu shamba lake kutoka kwa watu wasiojuana. Simu humletea ujumbe wa kumwita akachukue mbolea ya ruzuku. Mwenye duka la agroveti humhimiza anunue mbegu mpya iliyofika juzi. Redioni mtaalamu hueleza kwamba mbolea ya kupandia ya DAP imeharibu udongo wa magharibi mwa Kenya, ilhali jirani yake, aliyevuna vizuri mwaka jana kwa DAP hiyohiyo, husema kwamba hayo ni maneno ya watu wasiolima. Sokoni na matangani utasikia madai matatu yakirudiwa: kwamba maafisa wa kilimo walikwisha siku nyingi, kwamba simu imechukua kazi yao, na kwamba tatizo kamwe halikuwa ushauri bali ni wakulima wenyewe wasiotaka kusikia. Madai hayo yamewachanganya watu kwa muda mrefu, na la tatu limewadhulumu. Inafaa basi kueleza, hatua kwa hatua, jinsi ushauri unavyosafiri hadi shambani na mahali unapokwama.

Mkulima mdogo, katika makala haya, ni yule anayelima shamba la familia, mara nyingi chini ya ekari tano, akitegemea nguvu za watu wa nyumbani na kula sehemu kubwa ya anachovuna. Ugani ni kazi ya kuwaunganisha wakulima na maarifa ya utafiti, na anayeifanya kwa niaba ya serikali ni afisa ugani, ambaye wengi wetu humwita afisa wa kilimo wa nyanjani. Kuna pia maneno mawili yanayochukuliwa kuwa kitu kimoja ilhali sivyo. Taarifa ni jambo lililo kweli kwa ujumla, kama vile kwamba mahindi yanahitaji nitrojeni. Ushauri ni taarifa hiyo ikiwa imepimwa kwa shamba fulani, msimu fulani na mfuko fulani: kwamba wewe, kwenye kipande hiki kilicho mteremkoni, kwa pesa ulizo nazo, utie mbolea kiasi hiki wiki hii. Ni kama sare ya shule iliyoshonwa kwa wingi na ile ambayo fundi amempima mtoto mwenyewe. Kitambaa ni kilekile, lakini moja humbana mtoto mabegani. Kinachowafikia wakulima wetu kwa wingi siku hizi ni taarifa, na hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Kazi ya kupima shamba kwa shamba iliwahi kufanywa kwa miguu na kwa baiskeli. Mwaka wa 1982 Kenya ilianza mfumo wa Mafunzo na Ziara, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Dunia. Afisa alifundishwa kwa ratiba maalumu, kisha akawatembelea wakulima wachache waliochaguliwa, ambao nao walitarajiwa kuwafundisha majirani zao. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Shambani, ujumbe ulikuwa ni uleule kwa kila mtu, na mkulima aliyechaguliwa mara nyingi alikuwa mwenye shamba kubwa na ng'ombe wa gredi, mtu ambaye jirani yake maskini hakuwa na sababu ya kumwiga hata kama alimheshimu. Tathmini ya Benki hiyo yenyewe, iliyotolewa mwaka wa 2000, iliona kwamba faida ya mfumo ule haikulingana na gharama yake. Nalitaja hilo kwa sababu wako wanaotamani ugani wa zamani urudi ulivyokuwa, na ulivyokuwa haukutosha.

Dai la kwanza, kwamba maafisa wamekwisha, lina ukweli nusu. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 liliweka kilimo cha mazao na ufugaji mikononi mwa serikali za kaunti, likaiachia serikali ya kitaifa sera. Tangu mwaka wa 2013, kwa hiyo, kumwajiri afisa wa nyanjani, kumpa pikipiki na kumwekea mafuta ni jukumu la kaunti. Mbolea ya ruzuku, kwa upande wake, ni mpango wa serikali ya kitaifa; ndiyo iliyoshusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka wa 2022, kisha hadi shilingi 2,500 mwaka wa 2023, na ndiyo inayowatumia wakulima waliosajiliwa ujumbe wa kuichukua. Mbolea na mtu wa kueleza matumizi yake wana waajiri wawili tofauti. Mkulima anayeuliza kwa nini mfuko umefika na mshauri hajafika anauliza swali la haki kabisa, na jibu lake limo katika mgawanyo huo wa kazi.

Idadi nayo haisaidii. Kiwango kinachotajwa sana kuwa kinafaa ni afisa mmoja kwa wakulima 400, lakini kwa miaka mingi Kenya imetajwa kuwa na afisa mmoja kwa wakulima zaidi ya 1,000. Tuchukue elfu moja kamili. Afisa anayezitembelea familia tatu kwa siku, siku 250 za kazi kwa mwaka, bila semina, bila ripoti na bila barabara ya matope, atafikia familia 750. Robo ya watu wake hawatamwona mwaka mzima, na waliosalia watamwona mara moja tu, pengine mwezi ambao hakuna la kuamua shambani.

Kutokana na hesabu hiyo, ni rahisi kuona kwa nini simu ilikaribishwa kwa matumaini makubwa. Ujumbe mfupi hugharimu fedha kidogo sana na hufika Lwanda na Kuresoi kwa dakika ileile. Je, hubadilisha lolote? Swali hili limefanyiwa utafiti hapa kwetu. Majaribio sita yaliyofanywa Kenya na Rwanda, yakihusisha wakulima zaidi ya laki moja, yaliwatumia baadhi yao ujumbe kuhusu pembejeo zilizopendekezwa, hasa chokaa ya kilimo, ambayo hupunguza asidi ya udongo, na wengine hawakutumiwa. Matokeo yalipojumlishwa, uwezekano wa kufuata pendekezo ulipanda kwa takriban asilimia 22, ukipimwa kwa uwiano wa wanaofuata dhidi ya wasiofuata. Wengi huisoma tarakimu hii visivyo. Haina maana kwamba wakulima 22 katika kila 100 waligeuka. Kwa mfano, ikiwa wakulima 10 katika 100 wangenunua chokaa bila kuambiwa lolote, ongezeko hilo linawafikisha 12 hivi. Ni wawili zaidi. Kwa kuwa ujumbe ni rahisi mno, wawili hao wanaweza kulipa gharama yake mara nyingi, na mimi nauunga mkono utumwe. Lakini anayesema kwamba simu imechukua nafasi ya afisa anapaswa kutueleza wale 88 waliobaki wanasaidiwa na nani.

Tukifika kwa hao 88, tunafikia dai linaloniudhi kuliko yote, kwamba mkulima asiyefuata ushauri ni mkaidi au mjinga. Kuna utafiti wa Busia ambao ungepaswa kusomwa katika kila ofisi ya kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio ya mbolea katika mashamba ya wakulima wenyewe, si katika kituo cha utafiti chenye vibarua na uzio. Kipande kimoja kilipewa furushi kamili lililopendekezwa na wizara: mbegu ya kisasa, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Vipande vingine vilitiwa mbolea ya kukuzia peke yake, ile ambayo hutiwa mahindi yanapofika magotini, kwa vipimo tofauti vya kijiko cha chai kwa kila shimo. Furushi kamili lilitoa mahindi mengi zaidi, jambo ambalo afisa yeyote angelionyesha kwa fahari siku ya maonyesho. Hata hivyo, gharama zilipoondolewa, mkulima wa kawaida alipata hasara. Kilicholipa ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia, ambacho kwa wastani kilirudisha gharama yake na faida ya asilimia 36 ndani ya msimu mmoja.

Maana yake ni nzito. Kwa miaka mingi watu wa Busia walilaumiwa kwa kutofuata pendekezo ambalo, kwa bei za wakati ule na udongo wao, lingewatia hasara. Walikuwa wamefanya hesabu ambayo waliowashauri hawakuifanya. Bei zimebadilika tangu hapo, na sipendekezi mtu yeyote apime mbolea yake leo kwa matokeo ya wakati ule. Ninachosema ni kwamba kipimo cha ushauri mzuri ni kile kinachobaki mfukoni baada ya kulipia pembejeo, na wingi wa magunia peke yake hauwezi kutujulisha hilo.

Watafiti haohao walikwenda hatua moja zaidi. Kama nusu kijiko kinalipa, kwa nini wengi hawakitumii? Wakulima walieleza jambo ambalo kila nyumba inalijua: pesa zipo wakati wa mavuno, na mbolea inahitajika miezi kadhaa baadaye, karo ikiwa imeshalipwa na mgonjwa ameshapelekwa hospitali. Basi chini ya mpango ulioitwa SAFI, mkulima alitembelewa mara tu baada ya mavuno, akapewa nafasi ya kulipia mbolea papo hapo kwa bei ya kawaida, kisha akapelekewa nyumbani bila malipo ya usafiri. Hakufundishwa jambo jipya lolote kuhusu mahindi. Hata hivyo, idadi ya waliotumia mbolea iliongezeka waziwazi. Kumbe kilichokosekana hakikuwa maarifa, bali wakati. Naona hili ndilo jambo lisiloeleweka kuliko yote katika mjadala wetu: kwamba ujumbe sahihi unaofika mwezi wa Machi, mfuko ukiwa mtupu, haumsaidii mtu, na uleule ukifika Agosti unaweza kumfaa.

Kuna mambo ambayo wakati wake huhesabiwa kwa siku. Viwavi jeshi vamizi, walioingia nchini mwaka wa 2017, huuawa kwa urahisi wakiwa wadogo. Wakishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi na dawa nyingi hupuliziwa bure. Ugonjwa wa blaiti katika viazi vya Molo na Kuresoi husambaa haraka kukiwa na baridi na unyevu, na dawa za kuvu hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia kuliko zikifuata. Kwa mambo ya aina hii simu na redio zinamshinda afisa kwa mbali, kwa kuwa kinachotakiwa ni kauli moja kwa watu wengi: ingieni shambani asubuhi hii, funueni majani, angalieni.

Suala la DAP na udongo ni tofauti, na ni mfano mzuri wa taarifa ya kweli inayogeuka ushauri mbaya. Katika sehemu nyingi za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Uasin Gishu udongo una asidi, kwa sababu mvua nyingi imeosha madini ya chokaa kwa karne nyingi, na mbolea zenye amonia, DAP ikiwamo, huongeza asidi hiyo zikitumiwa mwaka baada ya mwaka. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyo udongoni huanza kudhuru mizizi, na fosforasi unayotia hufungwa isiweze kufikiwa na mmea. Mkulima huona mbolea ileile ikizaa kidogo kila mwaka, akaamua kwamba mbolea imeua shamba. Hajakosea sana. Lakini kwenye shamba ambalo asidi haijafika kiwango hicho, kuiacha DAP bila kuweka chanzo kingine cha fosforasi ni kupunguza mavuno bila sababu. Jirani anayeisifu na mtaalamu anayeionya wanaweza kuwa sahihi wote wawili, kila mmoja kwa shamba lake. Na kama dawa ni chokaa ya kilimo, ile inayochimbwa Koru katika Kaunti ya Kisumu, bado kuna maswali: ni kiasi gani, nani atabeba mzigo mzito namna hiyo hadi shambani, na itachanganywa na udongo wiki ngapi kabla ya kupanda?

Mbegu nazo zina mkanganyiko wake. Mbegu za mahindi za mfululizo wa 6, kama H614, zilitengenezwa kwa ajili ya nyanda za juu na hukaa shambani muda mrefu. Zile za mfululizo wa 5, kama H513, ni za maeneo ya mwinuko wa kati na hukomaa mapema. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Mtu wa Ahero, karibu na Kisumu, anayemwiga shemeji yake wa Njoro, karibu na Nakuru, kwa nia njema kabisa, huenda akaona mvua imekatika kabla mahindi hayajakomaa.

Na hata mbinu iliyothibitishwa vizuri huchagua nyumba ya kuingia. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Mbita, Kaunti ya Homa Bay, kimekuza mbinu ya kuvuta na kusukuma: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, nyasi za napia au brakaria hupandwa pembeni, wadudu watoboao shina hufukuzwa na desmodiamu na kuvutwa na nyasi za pembeni, na mizizi ya desmodiamu hudhibiti kayongo, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kote Nyanza na Magharibi. Inafanya kazi. Lakini inadai mbegu ya desmodiamu ambayo haipatikani kila duka, palizi ya makini mwaka wa kwanza, na faida yake hukamilika kwa mwenye ng'ombe wa kula majani hayo. Kwa asiye na ng'ombe, au anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja, kuikataa kunaweza kuwa uamuzi wa busara.

Ni nani, basi, anayetoa ushauri kila siku? Kwa wakulima wengi ni mwenye agroveti. Yuko karibu, anafungua mapema, anaongea Kiluo au Kiluhya cha mteja wake, na hatozi pesa kwa maneno. Wengi wao ni watu waaminifu walio na mafunzo. Hata hivyo, riziki yao ni kuuza, na ushauri wa kutonunua kitu haumlipii mtu kodi ya duka. Hali hiyohiyo inawahusu vijana wajasiriamali wa kilimo wanaowekwa vijijini na miradi ya siku hizi, ambao wanatarajiwa kujikimu kwa kutoa huduma na kuuza pembejeo. Sioni ubaya wa kumlipa kijana kwa kazi yake. Naona hatari ya kuyaacha mauzo peke yake yaamue atakachosema. Kwa sasa mnunuzi ana kinga chache zilizo wazi: mbegu iliyoidhinishwa ina kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na mimea, ambacho hukwaruzwa, na tarakimu zake hutumwa kwa ujumbe kwenda 1393 ili kuthibitishwa, dawa ya wadudu nayo sharti iwe na namba ya usajili ya bodi ya kudhibiti dawa za mimea.

Linalopuuzwa sana ni masikio ya nani yanayofikiwa. Katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya anayepanda, kupalilia na kuhifadhi mahindi ni mama, lakini namba iliyosajiliwa ni ya baba, anayehudhuria baraza ni baba, na pengine baba mwenyewe anafanya kazi Nairobi au Naivasha. Ujumbe ukisomwa Naivasha saa nne asubuhi, mfumo huandika kwamba umefika. Kusajili namba ya pili kwa kila shamba, na kutuma sauti kwa lugha ya nyumbani badala ya maandishi, si jambo la gharama kubwa, na ningependa kaunti zilifanye kabla ya kununua programu nyingine.

Kwa mkulima anayetaka kipimo chake mwenyewe, pa kuanzia ni udongo. Achimbe sehemu 10 hadi 15 akienda mshazari shambani, kina cha sentimita 20, akiepuka palipokuwa boma, jaa au njia ya mifugo. Achanganye udongo huo ndani ya ndoo safi isiyowahi kutiwa mbolea, achukue takriban nusu kilo na kuipeleka ipimwe kupitia ofisi ya kilimo ya wadi au moja kwa moja kwenye maabara ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo. Afanye hivyo mara tu baada ya mavuno, ili majibu yakifika kuwe na muda wa kutia chokaa na pesa za kuinunulia. Karatasi ya majibu itakuja ikiwa na pH, fosforasi, kaboni na kiasi kilichopendekezwa kwa hekta. Mwenye robo tatu za ekari, mwenye mfuko mmoja wa mbolea na kifuniko cha soda cha kupimia, atahitaji mtu wa kukaa naye na kuigeuza karatasi hiyo iwe idadi ya vifuniko, kisha arudi baada ya mavuno kumuuliza imekuwaje. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningependa afisa wa wadi aachiwe muda wa kuifanya, hata kama habari nyingine zote zitapita kwa simu.